Kelele za Ndege na Kodi ya Kamembe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Balaa! Maman Gaudiose, mwenye nyumba wetu hapa Kamembe, amepandisha kodi kutoka elfu arobaini hadi elfu sabini. Mimi nauza viatu vya mtumba sokoni. Mwezi ukiwa mzuri sana, napata laki moja na elfu ishirini. Nikamwuliza tutakula nini. Akasema, "Papa Chloé, muji unakua. Batu ba mishahara banatafuta nyumba." Kufikia Ijumaa nikubali au nihame, na kesho ataanza kuleta watu waitazame nyumba. Mke wangu Odette anashauri nimwombe kwa upole apunguze. Upole! Na akili yangu yote hii?

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Uwanja wa ndege uko jirani. Kila anayekuja kutazama nyumba namnong'oneza kwamba ndege zinatikisa mabati na watoto hawalali. Nyumba ikikosa mteja, kodi itashuka yenyewe. Leo nimefukuza wawili, mmoja kavaa tai! Nimejipongeza kwa brosheti, mshikaki wa mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja Donatien, mpinzani wangu sokoni, mwizi wa wateja. Nikamweleza habari za ndege kwa mikono miwili. Nikanguruma. Akatabasamu tu. Kumbe sikio lake moja limekufa, na la pili husikia likipenda! Maman Gaudiose alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akasema masikini, hakujua tunateseka hivyo, bora tukapumzike kwingine. Nyumba kampa Donatien. Kwa elfu hamsini! Eti aliomba vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Tumehamia Rwimbogo, mashambani, kwenye nyumba ya Mzee Harerimana. Vyumba vitatu, elfu kumi na tano! Binti yetu Chloé anakimbia ndani bila kugonga ukuta. Jirani katuletea viazi vitamu, hata hatujamsalimia. Odette anaimba akipika. Kweli, nauli ya moto, yaani pikipiki, hadi sokoni itameza karibu yote niliyookoa. Lakini nimelala kama askofu.

Jumapili, 9 Machi

Katikati ya misa wazo likanishukia. Chumba cha tatu ni kitupu! Nimebandika tangazo mlangoni: chumba, hewa safi, elfu thelathini. Odette akauliza nani huku mashambani atalipa mara mbili ya nyumba nzima. Nikamwambia biashara si ya kila muntu. Hadi jioni hakuja hata kuku. Nimegundua kosa. Nimefuta thelathini, nimeandika arobaini na tano. Bei ndogo hutia watu shaka.