Nasubiri Sare

Alhamisi, 2 Julai

Kesho robo fainali. Nchi nane zimebaki kwenye mashindano, na mimi pia bado nimo. Wiki iliyopita nilipeleka posa kwa baba yake Muuguzi. Mzee alipuliza filimbi uwanjani mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Refa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema jibu atalitoa kombe likishapata mwenyewe. Kwa sasa kichwa kimejaa mpira, mkwe hana pa kukaa.

Sawa. Tatizo ni mwalimu wa hesabu. Namwita Desimali. Kila mechi yuko sebuleni kwa Refa, kiti cha karibu na televisheni, anataja asilimia. Refa anaitikia kwa kichwa. Muuguzi anamletea chai. Chai!

Mimi ni fundi cherehani. Mpira siujui hata kidogo. Lakini takwimu ni namba tu, na mimi nashinda na namba kutwa nzima: kiuno, paja, urefu wa mguu. Mpango: kesho nifike na takwimu nyingi kumshinda Desimali.

Ijumaa, 3 Julai

Nimepata gazeti. Lilikuwa limefungiwa vifungo dukani, kurasa mbili nzima za takwimu za mashindano. Bahati gani hii! Nimekariri asubuhi yote. Kwa kukariri huko nimemshonea mteja suruali, zipu ikatokea nyuma. Dada wa Blauzi, ninayechangia naye chumba cha kazi, akauliza kama huo ni mtindo mpya. Nikamwambia ndiyo.

Jioni nikampa Refa shikamoo yangu, nikakaa, nikangoja dakika kumi zipite kwa adabu. Halafu nikaanza. Nikasema namba tisa wa Wekundu ana mabao matano, mguu wa kushoto hatari tupu, leo lazima afunge. Desimali akasema kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) kwamba namba tisa huyo ni yule pale kwenye benchi, mwenye suti na kipara. Ndiye kocha.

Nikauliza kama hawezi kujiingiza.

Refa akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya njano. Anaishi nazo, mzee yule, ya njano na nyekundu! Shati lenyewe la kijivu. Anasema refa havai rangi ya upande wowote, hata akistaafu. Kabla ya mpira kuanza alikuwa ameshaondoa kitambaa chekundu ambacho mkewe alikitandika mezani. Nikaonyeshwa kadi mbele ya Muuguzi, naye akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka au anasikitika, sijui. Nimechagua anasikitika.

Gazeti nimelisoma upya nyumbani. Ni la miaka mingi iliyopita, limefikia umri wa kuoa kabla yangu.

Jumamosi, 4 Julai

Nimegundua kosa langu. Namba za watu wengine zinaweza kusahihishwa. Dawa ni kuwa na namba zangu mwenyewe. Nani atanisahihisha?

Leo nimetazama mechi zote mbili bila kuangalia mpira. Nimeangalia nguo. Robo fainali zimeisha, mabao tisa, matano baada ya dakika ya sabini, hayo ni ya Desimali. Yangu ni haya: Wa Kijani wamevutwa jezi mara kumi na moja, hakuna iliyochanika. Wapinzani wao wamevutwa mara nne, mbili zikaachia kwapani. Nikasema kwa sauti kwamba timu ambayo mshono wake wa kwapa ni mmoja haiwezi kufika fainali. Beki anainua mkono kuruka, kwapa linalia, anasita. Kusita huko ndiko goli.

Refa akageuza kiti. Akasema miaka yote aliyopuliza filimbi hajawahi kuangalia kwapa la mtu. Halafu akacheka! Akacheka mpaka akakohoa, Mama akaja na maji. Desimali akasema mechi moja haitoshi kuthibitisha kitu. Nikamwambia tuonane Jumanne.

Kuna takwimu yake moja nimeipenda. Washindi watatu kati ya wanne walikaa na mpira muda mfupi kuliko waliofungwa. Ndivyo tulivyo mimi na yeye. Ashike mazungumzo atakavyo. Nitakayefunga ni mimi.

Jumanne, 7 Julai

Nusu fainali ya kwanza. Wa Kijani, mshono wa kwapa mara mbili, wameshinda mawili kwa moja. Nilisema! Sikusema kitu kingine tangu mwanzo mpaka mwisho. Wapinzani walipiga kona kumi na mbili na hawakupata kitu, na kila kona niliwaonyesha waliokuwepo kwapa linalohusika. Refa amenipa kiti cha pili kutoka kwenye televisheni. Muuguzi ameniletea chai, sukari yenyewe kiasi kile ninachopenda. Desimali ameandika kitu kwenye simu yake na kufuta. Raha iliyoje!

Jumatano, 8 Julai

Siku ya leo niitunze.

Nusu fainali ya pili imekwenda mpaka mikwaju ya penalti, Weupe wamepita. Desimali akaeleza kwamba kwenye hatua hizi za mwisho timu zinaogopana, mabao yanapungua, mechi zinarefuka. Mama akamuuliza mumewe anaionaje fainali. Refa akajinyoosha kwenye kiti, akanitazama mimi, akasema yeye Jumapili anasubiri sare tu. Sare kwanza, halafu hapo ndipo mwanamume atajulikana.

Sare!

Nimerudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Mzee mwenye heshima zake hawezi kumwambia fundi cherehani waziwazi, kijana, nimekubali, shona. Kapitia kwenye mpira. Anasubiri sare. Ukoo mzima nguo moja, kama watu wanavyovaa kwenye harusi yoyote ya maana, na atakayezileta ndiye mwanamume. Kanitazama kabisa! Desimali alikuwa pale pale, amesikia neno lile lile, akaendelea na asilimia zake. Maskini. Hajui hata kutia uzi.

Ijumaa, 10 Julai

Nashona. Watu sita: Refa, Mama, Muuguzi, kaka yake dereva wa lori, shangazi yao, na mimi. Vipimo nimevikadiria kwa macho siku ile ya robo fainali, wakati wengine wanatazama kona, na vya kaka na shangazi kwa picha yao ya ukutani. Shangazi nimemwongezea inchi mbili za heshima. Mikono mirefu mpaka kwenye vifundo, kola ngumu, kwapa mshono mara mbili. Huo ndio saini yangu.

Kitambaa ni jora la kijani lililobaki kwenye kazi ya shule. Kijani safi, kinang'aa. Dada wa Blauzi amesimamisha cherehani yake, akauliza kama nina uhakika na rangi, Jumapili hii. Nikamwambia rangi haina kosa, macho yake ndiyo yana wivu. Akasema haya, baba. Akaendelea na blauzi zake.

Kesho mechi ya mshindi wa tatu. Siendi. Nimebakiza vifungo na shangazi.

Jumapili, 12 Julai

Joto kali. Feni ya Refa imekufa. Nimefika na mfuko, nimeuweka nyuma ya kiti, nimekaa kimya. Refa kijivu. Desimali kijivu pia, mjanja huyo. Kaka mtu na shangazi wamekuja. Ukoo umetimia, nikasema moyoni mambo yamepangwa.

Wa Kijani wamefunga mapema. Sikufurahia kabisa, nilikuwa nasubiri neno. Weupe wamesawazisha dakika ya themanini na tatu. Filimbi ya dakika tisini ikalia, moja kwa moja. Refa akasimama, akainua mikono yote miwili, akapaza sauti: sare! Nilisema nasubiri sare, si hii hapa!

Na mimi nikasimama. Nikafungua mfuko. Nikasema, baba, hii hapa kweli. Nikamtandazia shati lake kifuani, nikaanza kugawa. Shangazi akaanza kulivaa lake papo hapo, Mungu ambariki, limemkaa sawasawa.

Refa akalishika shati kwa vidole viwili. Akaangalia televisheni, wachezaji wa kijani wanakunywa maji. Akaangalia shati. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni Wa Kijani walionituma. Nikajieleza. Nikasema sare ya harusi, baba, ulisema mwenyewe Jumatano, ulinitazama. Akasema alikuwa anatazama saa ya ukutani juu ya kichwa changu.

Akaingiza mkono mfukoni. Njano ya pili, akasema, na njano mbili ni nyekundu. Hapo Desimali akasimama kunitetea. Sikutegemea. Akasema kwa kanuni za mashindano haya kadi za njano zinafutwa baada ya robo fainali, kwa hiyo fundi alikuwa safi. Refa akafikiri. Akasema kanuni ni kanuni. Akanipa nyekundu ya moja kwa moja.

Nimekusanya mashati yote sita, hata la shangazi, nikatoka. Muda wa ziada na mikwaju nimeisikiliza nikiwa nje chini ya dirisha, nimeegemea ndoo. Wa Kijani wamekosa miwili. Weupe mabingwa. Ndani Refa akatangaza adhabu: mwenye kadi nyekundu hachezi mechi inayofuata, na mashindano yanayofuata ni baada ya miaka minne. Jibu la posa litatolewa wakati huo.

Miaka minne!

Muuguzi akanifuata nje. Hakugomba, afadhali angegomba. Akasema jibu lilikuwa ndiyo. Baba yake alishamwambia mama tangu Jumamosi ile ya kwapa kwamba mtu anayeweza kumchekesha hivyo hatamliza binti yake. Alipanga kulitangaza leo, kombe likikabidhiwa, ndiyo maana shangazi na kaka waliitwa. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kwenye kiti. Nikauliza kuhusu Desimali. Akasema Desimali ana mchumba wake, anakuja tu kwa sababu kwake hakuna televisheni. Halafu akasema yeye miaka minne hasubiri. Kama mimi naweza kusubiri, nisubiri peke yangu. Akarudi ndani.

Roho imeniuma. Sijala. Nampenda yule mwanamke kuliko kitu chochote, na nimemvunjia ndoa yake kwa kitambaa cha shule.

Jumatatu, 13 Julai

Kumbe bado nimo!

Muuguzi amepita dukani akitoka zamu. Macho mekundu, lakini amekuja. Amesema usiku amekaa na baba yake, na mzee amepoa. Amekubali kusikiliza rufaa. Kesho jioni niende, nimpe shikamoo, niombe radhi, nikae. Basi. Na niende mikono mitupu. Nilipouliza kama nimesikia sawa, akanishika shavu akarudia pole pole: mikono mitupu. Kisha akasema nikiharibu na hii, nisimtafute tena.

Dada wa Blauzi amesikia yote. Amesema hata yeye ameelewa. Ameelewa nini huyu? Anashona blauzi.

Mimi nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Mikono mitupu. Jana joto lile, feni imekufa, na mimi nimemtandazia mzee wa watu shati la mikono mpaka kwenye vifundo! Nani asingetoa kadi? Muuguzi anajua kazi yangu, ndiyo maana amenieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mikono itoke. Na rangi si tatizo tena, Wa Kijani wamefungwa, kijani sasa ni rangi tu kama rangi nyingine.

Nimekata mikono kumi na miwili. Makwapa nimeyapinda upya, mshono mara mbili. Ya shangazi imenipa kazi kidogo, lakini imekaa vizuri.

Mashati sita yako kwenye mfuko, mlangoni, nisije nikayasahau.