Punda Anataka Nini?

Umma ulitangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia siku ile hakuna filamu ya katuni inayopendwa itakayoruhusiwa kuisha bila kibali. Tangazo lilibandikwa kwenye milango ya kumbi za sinema, kwenye mbao za shule na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye lango la zahanati. Yeyote aliyekwisha kumaliza filamu yake zamani alipewa nafasi ya kujieleza. Utekelezaji ulikabidhiwa Idara ya Miendelezo, ghorofa ya juu kabisa, mkono wa kushoto, mlango unaofunguka kwa kusukumwa na bega.

Nyuma ya mlango huo alikaa Mkurugenzi. Tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema. Alikuwa na tumbo la heshima na miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kuonekana anasoma. Umri wa kustaafu alikuwa ameupita kitambo. Idara ilikwisha kumuaga mara mbili: mara ya kwanza ilimpa sanduku la safari, mara ya pili saa ya ukutani, na mara zote mbili Jumatatu iliyofuata alionekana kazini na mkataba mpya wa nyongeza, akawashukuru wote kwa zawadi. Sasa nyongeza ya pili nayo ilikuwa inakata roho. Wafanyakazi walianza kumkwepa kwenye korido, wasije wakaombwa mchango wa tatu.

Waziri alimwekea mambo wazi kwenye simu. "Mzee wangu, wewe nipatie sehemu ya pili ya yule punda. Mkataba wako niachie mimi."

Yule punda kila mtu alimjua. Filamu yenyewe ni fupi: punda mdogo anapotea gulioni, anatembea filamu nzima akimtafuta mama yake, ananyeshewa, anadanganywa na fisi, anachekwa na mbuzi wasio na kazi. Mwishoni anafika zizini. Mama yake anamwona. Anasogea kidogo tu, kumpa nafasi kwenye majani makavu, na punda mdogo anajilaza pale, anafumba macho. Basi. Watoto hushangilia, watu wazima husingizia vumbi. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuiona akiwa na wanawe, enzi hizo hata hajawa mkurugenzi wa kitu chochote, akalia mpaka mkewe akamwazima kitambaa. Habari hii haikuwahi kufika ofisini.

Kamati ikakaa kujadili kama filamu hiyo inahitaji mwendelezo. Lazima ieleweke kwamba kamati hii ilikuwa na utaratibu mmoja, fahari ya idara nzima: haikufunga hoja. Hoja ikijibiwa imekufa, na hoja ikifa, kikao kijacho kitaanza na nini? Kwa hiyo kila swali lilipokelewa kwa shukrani, likajadiliwa kwa kina, likapelekwa kwenye yatokanayo, na kikao kilichofuata kikalikuta palepale, zima kabisa, halijapungua hata nukta. Utaratibu huo aliubuni Mkurugenzi katika ujana wake. Ndio uliompandisha cheo.

"Kimsingi," alisema Katibu wa kamati, ambaye hakuwahi kuanza sentensi kwa neno lingine, "filamu hii ina kasoro kubwa. Imeisha."

"Imeisha vipi?" aliuliza Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyeongoza kikao.

"Kimsingi imeisha yote, Mwenyekiti. Punda alikuwa na shida, shida ikatatuliwa. Haikubaki hata upenyo wa kupitishia kamati ndogo."

Wajumbe walitikisa vichwa. Kuna watu wanafanya kazi bila kuwafikiria wenzao.

"Na yule mama yake," alisema Mhasibu, mwanamke mpole aliyekuwa akifuma sweta chini ya meza, "hawezi kufa?" Wajumbe wakamgeukia. "Nauliza tu jamani. Akifa, mtoto anatoka tena. Filamu inaenda."

"Asife!" alisema Mkurugenzi, haraka kuliko cheo chake kilivyoruhusu. Akakohoa, akabadilisha miwani. "Yaani, asife katika robo hii ya mwaka."

Wakakubaliana kwamba mama abaki hai na punda atoke. Anatoka kwenda wapi, hilo lingejulikana mbele ya safari.

Wakamwita Mchoraji. Huyu ndiye aliyeichora filamu ya kwanza: mwanamke wa makamo, ulimi mkali, bei yake kubwa, na hana haya nayo. Idara ilitarajia angelia na kutetea sanaa. Walikuwa wameweka hata boksi la tishu mezani.

"Mimi sina kinyongo na kazi," alisema Mchoraji, akisogeza tishu pembeni ili aweke mkoba wake. "Nimewahi kuchora nzi anasifu sabuni. Mkitaka punda aende mwezini, nitampeleka. Nina swali moja tu. Anataka nini?"

"Nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Punda, baba! Mara ya kwanza alikuwa anamtaka mama yake. Hata alipokuwa anaongea na fisi, mboni za macho zilikuwa zinachungulia njia ya kwao. Macho ya katuni ndivyo yalivyo, yanakwenda kwenye kile anachokitaka. Sasa hivi anataka nini? Niambieni, nizipe mboni mahali pa kukaa."

Katibu alikuwa ameshasimama. "Kimsingi, ni swali zuri sana. Limepokelewa."

Kikao kilichofuata swali lilikuwa kwenye yatokanayo. Mjumbe mmoja alisema punda anataka maendeleo. Mwingine akasema anataka fursa.

"Fursa iko upande gani?" aliuliza Mchoraji, penseli mkononi. "Kulia au kushoto?"

Swali likapokelewa kwa shukrani. Likaahirishwa. Likarudi, likaahirishwa tena, na Mchoraji alipoona hali ndiyo hiyo, akaacha kuja. Akakaa kwake akawa anachora, maana tarehe ya maonyesho ya majaribio ilikuwa imekwisha kutangazwa, na tarehe ndicho kitu pekee ambacho idara haikuweza kukiahirisha. Ilikuwa imepangwa na Waziri.

Nyumbani, mke wa Mkurugenzi, nesi mstaafu, alikuwa amelitoa sanduku la safari juu ya kabati na kulifuta vumbi. Karatasi ya dukani bado ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa sanduku. Binti yao aliishi mbali na alikuwa amejifungua; picha za mtoto zilikuja kwenye simu karibu kila siku, kila siku akiwa na shavu jipya.

"Hili sanduku tutalitumia lini, mume wangu?"

"Nikipata mkataba tu, nitaomba likizo."

"Wewe umestaafu. Mtu aliyestaafu anaomba likizo ya nini?" Alikaa kitandani, akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wanaosema hawaumwi. "Hebu niambie ukweli. Unaogopa kukaa na mimi?"

"Wewe sikuogopi," alisema Mkurugenzi. Akavua miwani zote mbili, ile ya usoni na ile ya mfukoni. "Naogopa Jumatatu. Nikiamka Jumatatu hakuna anayenisubiri nisaini kitu, mimi ni nani? Hata ukiniuliza mle ofisini nafanya nini, siwezi kukueleza ukaelewa. Mimi mwenyewe huwa najieleza, sielewi."

Mkewe alicheka, naye akacheka, kisha wote wawili wakaacha maana halikuwa jambo la kuchekesha sana. Mkurugenzi alijiona mjinga na aliumia. Hata hivyo asubuhi alifunga tai, akaenda kazini kuutafuta mkataba wake.

Siku ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa. Watoto walikaa mbele, wazazi nyuma, waandishi wa habari ukutani, na Waziri katikati kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa. Mkurugenzi alikaa kulia kwake. Mchoraji alikuwa ameleta vipande vya majaribio kwa wakati, na hakuna mjumbe aliyekuwa amevitazama. Ukitazama utaulizwa umeonaje, na ukisema umeonaje umeshatoa uamuzi. Watu wazima na akili zao waliogopa hilo kuliko moto.

Taa zikazimwa. Zizi likatokea kwenye turubai jeupe la mbele, lilelile, majani yaleyale, na watoto wakashangilia. Punda mdogo akainuka pale ubavuni mwa mama yake. Akawageukia watazamaji.

Hakuwa na mboni. Macho yalikuwa meupe matupu, kama mayai yaliyomenywa.

Safu ya kwanza ilipiga mayowe. Punda akaenda kushoto, akagonga nguzo. Akaenda kulia, akamkanyaga mama yake mkia. Akasimama mlangoni, akanyanyua mguu mmoja, akaushusha, akanyanyua mwingine. Mtoto mmoja alirukia magotini kwa Waziri, na Waziri mwenyewe alikuwa ameshika mkono wa shati la Mkurugenzi na hakuwa na dalili ya kuuachia.

"Washeni taa!" Waziri alipiga kelele. Zikawashwa, na punda akaganda palepale kwenye turubai, mguu hewani. "Huyu mnyama ana nini? Macho yake yako wapi?"

"Kimsingi," alianza Katibu.

"Nyamaza wewe!"

"Niliuliza anataka nini," alisema Mchoraji, akitoka pembeni ya jukwaa na kuwasogelea. "Nikaambiwa swali limepokelewa. Mkinijibu sasa hivi, jioni atakuwa anaona."

Waziri alichukua kipaza sauti, akamsukumia Mkurugenzi kifuani. "Haya mjibu. Punda anataka nini?"

Mkurugenzi alisimama. Alijua vizuri cha kusema. Tunashukuru kwa swali, tumelichukua, tutalifanyia kazi: maneno yalikuwa yamepanga foleni mdomoni kama kawaida yake, na mkataba wake ulikuwa nyuma yao. Akalitazama turubai. Mama punda alikuwa bado amejibana upande mmoja, na nafasi aliyoitoa kwenye majani ilikuwa wazi. Akapapasa mfukoni kutafuta kitambaa, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwazima.

"Hataki kitu," alisema.

"Sema kwa sauti!"

"Hataki kitu, Mheshimiwa. Alimtaka mama yake, akampata. Yuko kwao."

"Kwa hiyo huo mwendelezo anautaka nani?"

"Sisi."

"Na nyinyi mliombwa na nani?"

"Hatukuombwa na mtu." Alishangaa jinsi sentensi ilivyokuwa fupi. Miaka yote hiyo kazini, hakujua kwamba zinatengenezwa za ukubwa huo.

Wazazi walianza kupiga makofi, watoto wakadakia, na Waziri, ambaye pua yake ilinusa makofi hata yakiwa mtaa wa pili, akakinyakua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu ni sikivu! Kilichoisha vizuri kiachwe kiishe! Kuanzia leo hii, punda abaki kwao, na Idara ya Miendelezo nimeifuta!"

Ukumbi ulilipuka. Katibu aliketi chini taratibu. Mkurugenzi alisubiri maumivu yaje. Hayakuja, na hilo ndilo lililomtisha. Alifikiria Jumatatu. Ilikuwa bado inatisha, ila kidogo.

Hapo Waziri angekaa chini, angeondoka shujaa. Lakini makofi yalikuwa matamu, naye hakuwahi kuyaacha mezani.

"Na mimi ndugu zangu," aliendelea, akiweka mkono kifuani, "nilitaka kupumzika. Mnajua nimewatumikia muda mrefu. Mwili umechoka, mama watoto analalamika. Lakini nifanyeje? Nimeombwa! Nimeombwa nigombee tena, niendelee kipindi kingine, nami siwezi kuwaangusha walioniomba."

Makofi yalipungua, yakabaki ya mtu mmoja, dereva wake, kisha naye akaweka mikono mfukoni.

"Umeombwa na nani, Mheshimiwa?" aliuliza mwandishi mmoja wa habari.

Waziri alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye wasaidizi. Kwa miaka yote aliyokaa madarakani, swali gumu likija alilipeleka kulia, na kulia palikuwa na mtu wa kulipokea. Mkono wake ulikwenda wenyewe. "Wako wengi, kwa majina siwezi kuwamaliza. Mkurugenzi wangu huyu ndiye mwenye taarifa kamili. Mkurugenzi, hebu waeleze wananchi, ni nani walioniomba?"

Mkurugenzi alikipokea kipaza sauti. Alimtazama Waziri kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake amevaa shati linalofanana na lake.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema. "Hata mimi hakuna aliyeniomba. Tulikuwa tunajiomba wenyewe, halafu tunajikubalia. Twende nyumbani tukapumzike."

Waziri alinyoosha mkono haraka kudai kipaza sauti, lakini Mkurugenzi alikuwa ameshamkabidhi mtu aliyekuwa karibu, naye alikuwa Mchoraji. Mchoraji alijaribu kusema neno, akashindwa, na kicheko chake kikatoka kwenye spika zote za ukumbi kabla watu hawajaanza chao.