Dizeli ya Asali

Petroli ilipopanda bei mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, watu walilalamika, lakini dalali aliyeitwa Asali alishukuru. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli ambayo hakuna aliyetaka hata kuiegemea, na sasa kila mtu alitafuta dizeli. Basi akaibatiza. Aliandika DIZELI kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha tangi, akapaka masizi mdomo wa ekzosi, akafunga kopo lenye nati chini ya boneti ili injini igonge kama kifua cha mzee. Uongo una gharama zake. Wake ulimgharimu kopo.

Mnunuzi alikuwa Mama Viti, mkodishaji wa viti na maturubai. Gari lake lilikuwa limekufa, na Jumamosi alikuwa na harusi upande huu wa kilima na msiba upande wa pili. Angezikosa shughuli hizo mbili, wateja wangehama, naye angebaki na viti mia tatu vya kukalia peke yake.

"Mama yangu," Asali alisema, mkono kifuani, "petroli ni mgeni wa mjini: anakula sana, kazi hafanyi. Dizeli ni mkwe wa shamba. Ananguruma, lakini gunia analibeba."

"Na nozeli za kupulizia dizeli zikifa? Nasikia bei yake haisemeki."

"Hii haijawahi hata kupiga chafya."

Asali akawasha injini; Mama Viti akainamia boneti, akasikiliza sana kopo likigonga. "Ngoja nikaiombee kwanza," akasema, akaenda zake.

Asubuhi alirudi. "Nimeomba. Naichukua. Pesa iko nyumbani, kule juu kilimani. Ila tangi tupu ni aibu, mwanangu. Tujaze kwanza, nalipa mimi."

Asali akikataa, amejiumbua. Akapiga hesabu: petroli iliyobaki kwenye mipira ya mafuta huenda ikawafikisha mlangoni. Tamaa ni dereva mbaya, lakini haikosi abiria.

Kituoni, mdomo mpana wa bomba la dizeli ulikataa kuingia kwenye tundu la tangi.

"Bosi, una hakika hii ni dizeli?" muuza mafuta aliuliza.

"Kifuniko kimeandikwa," Mama Viti akajibu kwa upole. "Au kinasema uongo, Asali?"

"Hapana, mama."

"Basi leta faneli. Jaza mpaka juu."

Katikati ya mlima pikapu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Kando ya barabara aliketi fundi na boksi lake la spana. Akafungua boneti, akatoa kopo, akalitikisa. Kisha akashika waya.

"Kaka, tangu lini dizeli ikawa na plagi ya cheche?"

Wapita njia walianza kusimama. Watu husimama haraka sana mahali pasipowahusu.

"Ningeita polisi, lakini polisi wanachosha," Mama Viti alisema. "Nitainunua hivyo hivyo, maiti, kwa bei ya chuma chakavu. Tia sahihi kwenye karatasi hii ya mauziano."

"Chuma chakavu, mama?"

"Au tuwaulize polisi, mwanangu?"

Alifungua pindo la nguo, ambamo kiasi hicho hasa kilikuwa kimefungwa. Asali akatia sahihi, akashuka mlima kwa miguu.

"Haya, shemeji," Mama Viti akamgeukia fundi. "Muda gani?"

"Kumwaga tangi na kusafisha plagi? Saa mbili. Nimekungoja hapa tangu alfajiri, jua limeniunguza."

"Subira ni ibada. Dizeli hiyo chukua, uoshee vyuma."

Jumamosi wageni wa harusi walikaa, na wafiwa walikaa, na hakuna aliyeuliza viti vimeletwa kwa mafuta gani.