Jicho Jipya la Fundi Mwaringa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kahaso kaja kuchukua gauni. Mikono sawa. Kiunoni angeingia yeye na dada yake. Akaniuliza, "Fundi Mwaringa, ulipima mimi ama gunia la mpunga?" Nikamwambia ndiyo mitindo ya sasa. Akacheka, akaniachia nipunguze, kama lile la mwezi jana.

Wanawake nawapima kwa jicho tu. Wanasimama mbele ya cherehani, wanageuka, basi. Kumzungushia futi mjane wa watu ni aibu. Shida, jicho lenyewe limeingia ukungu. Na ng'ambo ya barabara fundi mwenzangu Changawa ana mke wa kushika futi. Gauni moja tena likiharibika, Kahaso atavuka. Sina kingine cha kumleta dukani.

Jumatano, 6 Agosti
Malindi, kliniki ya macho. Daktari Linda, mdogo kuliko cherehani yangu, anasema ni mtoto wa jicho. Tutaanza na la kulia. Lenzi za kupachika jichoni ni za aina mbili. Moja inaona mbali, sindano utaitafuta kwa miwani. Nyingine inaona karibu, katikati na mbali, ila usiku taa zinavaa miduara.

Akauliza kama nafanya kazi usiku. Nikasema nalala kuku wakilala. (Nguo za harusi nani hushona mchana?) Akauliza hasa nataka kuona nini. Nikasema kazi. Kazi inajifunga leso ya manjano na kukaanga samaki jirani na duka langu.

Akasema, mzee, fikiria vizuri. Nimefikiria. Miwani ya kamba kama Changawa, hapana. Mbuzi watauzwa, nilipie ile ya pili.

Alhamisi, 21 Agosti
Jicho linaona! Magharibi Kahaso aliwasha taa mezani pake. Daktari hakudanganya: duara ndani ya duara, na yeye katikati. Ana kovu dogo kidevuni. Ana mvi kidogo juu ya sikio. Miaka yote nilikuwa nampenda kwa kukisia.

Jumanne, 26 Agosti
Gauni limemkaa. Hakuna pa kupunguza, hakuna pa kuongeza. Kahaso akajitazama, kisha akanitazama mimi. Akauliza kama sasa naona kila kitu. Nikajisifu, nikasema hata hilo kovu.

Akajifunga leso upya, akakaza. Akasema, "Basi lingine nitampelekea mke wa Changawa. Kwako nilikuwa nasimama kwa sababu huoni."

Alasiri Halima, mteja wangu mwingine, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Hakunigeukia hata kunisalimu.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimetangaza mjini kwamba lenzi imegoma. Kisha nikajigonga mguu kwenye meza ya samaki. Kahaso akasema pole, fundi, akanishika mkono. Mkono wa moto, una mafuta. Akauliza naelekea wapi. Sikuwa naelekea popote. Nikasema ng'ambo.

Akanivusha polepole. Niliomba Mungu barabara iongezwe upana. Akanikalisha kwenye benchi la Changawa, akarudi kwa samaki wake.

Nimekaa pale hadi adhana ya magharibi, naliona duka langu lote mpaka kufuli, nikingoja mtu wa kunirudisha. Changawa ananiita maskini, ananiwekea chai mkononi. Mwishowe mkewe akanivuta kama ndama, futi shingoni.

Kosa ni langu. Sikumwambia Kahaso kwamba na kurudi pia sioni. Kesho nitamwambia.