Kuba ya Doonside, Vipande Mia na Themanini na Sita

Jumatatu, 29 Oktoba 2007

Natangaza rasmi, mbele ya daftari hili na mbele ya chupa ya pilipili: meza yetu ya kulia chakula imekoma kuwa meza. Kuanzia saa moja asubuhi ni Ofisi. Mke wangu Yvette hakuhudhuria ufunguzi. Alikuwa anatafuta pa kuweka sahani.

Juu ya Ofisi ipo kompyuta. Ilitupwa na wasanifu majengo wa Parramatta ambao nawasafishia ofisi yao. Walisema imezeeka. Nani hajazeeka? Miaka miwili nimepangusa vumbi nyuma ya migongo yao, nikiangalia wanavyogeuza jengo zima kwa kidole, kama mama anavyogeuza chapati. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna aliyenikataza pia.

Sasa kazi yenyewe. Ineza, binti wa marehemu kaka yangu Ntakirutimana, analetewa mahari Jumamosi tarehe 24 Novemba. Ukumbi wa shule tulioukodi Quakers Hill tumenyang'anywa. Siku hiyo Australia nzima inapiga kura na ukumbi umekuwa kituo. Tarehe haisogei, kwa sababu Mzee Wilondja, msemaji wa upande wa bwana harusi, ameshakata tiketi ya ndege kutoka Perth. Basi ni kwangu Doonside, nyuma ya nyumba, chini ya mbingu tupu.

Mbingu tupu! Si kwa mtoto wa Ntakirutimana. Nitasimamisha kuba. Nitaichora kwenye kompyuta, mashine itakata, mimi nitaunganisha. Bila msumari hata mmoja.

Na nikiisimamisha, nitasema mimi kwa upande wetu. Hilo ndilo jambo. Kaka aliniachia neno moja kule kambi ya wakimbizi, kabla ya kifua kumshinda: siku ya Ineza usimame wewe, useme wewe. Lakini familia inamtaka Lazare, mume wa dada yangu. Wanasema mimi naanza mambo nisiyoyamaliza. Wametaja banda la kuku. Banda la kuku lilikuwa jaribio!

Jumatano, 31 Oktoba

Kuba inaendelea. Mbavu zinapanda upande huu, zinashuka upande ule, nyingine zinazikata katikati. Kila penye makutano pana mfuo, ubao unaingia kwenye ubao mwenzake kama vidole vya mtu anayesali.

Kompyuta ni ya polepole. Nikibonyeza kugeuza kuba, naenda kuoga. Nikirudi imegeuka robo.

Programu inakuja na mtu wa bandia, amesimama mikono mfukoni, ili uone urefu wa kitu. Nimempa jina: Lazare. Nimemtoa nje ya kuba. Yvette amepita, ametazama kioo kwa muda mrefu, ameniuliza kwa nini nasuka tenga la kuku. Tumekula ugali tukiwa tumesimama.

Jumapili, 4 Novemba

Kikao cha familia baada ya ibada. Lazare alikuja na suti. Mtu gani anavaa suti kwenye kikao cha dakika kumi? Akasema kwa sauti yake ile ya kulaza wazee (ndiyo kazi yake, anatunza wazee) kwamba analo hema jeupe la kukunjua, watu themanini wanaingia, na hataki makuu.

Nikasema mimi ninayo kuba. Nikawaonyesha karatasi niliyochapa. Waliizungusha mkono kwa mkono. Dada yangu aliishika juu chini.

Lazare akaniuliza, "Shemeji Injinia, na mlango uko wapi?"

Wakacheka. Mlango upo! Ni pote!

Uamuzi: kuba ikiwa imesimama Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, msemaji ni mimi. Isiposimama, ni Lazare na hema lake. Nikakubali haraka, kabla hawajafikiri. Ineza alikuwa pale pale. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba baba yake atafurahi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hema lingetosha, uncle, honestly. Mtoto mwenye adabu. Anaogopa kunisumbua.

Jumamosi, 10 Novemba

Ushindi! Trevor, mwenye karakana ya makabati karibu na njia ya reli, ana mashine ya kukata mbao inayotii kompyuta. Meza kubwa kama kitanda cha chifu, na sindano inayozunguka juu yake. Nilimpa mchoro. Alikuna kichwa. Akaniuliza ni nani aliyechora. Nikasema ni ofisi yangu. Si uongo. Ofisi ni ile meza.

Mapatano: atakata plaiwudi alizobakiza kwa mteja aliyekimbia, nami nitasafisha karakana Jumamosi nne. Vipande mia na themanini na sita. Na hapa ndipo uzuri ulipo: kwa sababu kuba imepinda, hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ukivitazama ni ndugu mapacha. Ukivipima, kimoja kimemzidi mwenzake unene wa ukucha. Kila kimoja kina mahali pake pamoja tu duniani.

Trevor akasema basi mashine ichonge namba kwenye kila kipande. Itachukua saa za ziada, kwa hiyo Jumamosi ya tano. Nikamtazama. Hawa watu wanadhani sisi tumezaliwa jana. Nikamwambia namba nitaandika mwenyewe. Chaki ninayo.

Alisema, "Your call, mate," yaani shauri langu. Kwa huzuni. Alijua amekutana na mfanyabiashara.

Jumanne, 20 Novemba

Vipande vimefika. Nimevipanga kwenye banda la gari, nikavisoma kimoja kimoja kwenye mchoro, nikaviandika: A1, A2, A3, mpaka mwisho. Saa sita za kazi. Magoti yamekufa.

Kisha jaribio. Nimeunganisha mbavu tatu, A na B na C.

Zimesimama.

Daftari, zimesimama! Nyembamba, zimepinda, zinapumua kidogo kwenye upepo kama kitu kilicho hai. Yvette alitoka na beseni la nguo. Akaweka beseni chini. Hakusema tenga. Akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Darlène, kumbe kweli." Nikageukia pembeni nikajifanya natafuta chaki.

Nimezifungua tena, nimezilaza na wenzao. Ijumaa nimeomba ruhusa kazini. Siku moja inatosha. Hotuba yangu iko tayari: nitamtaja kaka, nitamtoa mtoto, nitakaa. Sentensi tatu.

Alhamisi, 22 Novemba

Siwezi kuandika.

Naandika.

Nimerudi kutoka kazini saa tano asubuhi. Uani kuna akina mama saba wa kanisa wanaimba. Nikafurahi, nikadhani wanafanya mazoezi ya sherehe. Katikati yao Mama Chibalonza, mama yetu wa Bukavu, mkuu wa wanawake, kanga kiunoni, brashi mkononi. Na nyuma yake, vimeegemezwa kwenye uzio, vinametameta juani, vipande vyangu.

Wamevisugua. Vyote. Pande zote mbili.

Mama Chibalonza alinieleza kwa upendo. Alikuja kupima mahali pa masufuria, akakuta mbao za mahari ya mtoto zimechorwachorwa chaki kama ukuta wa choo cha shule. Akajiuliza wageni kutoka Perth watasema nini. Watasema huyu binti katoka nyumba gani? Akawaita wenzake. Walitumia ndoo na sabuni, si mpira wa maji, kwa sababu ya sheria ya serikali ya kubana maji. Alitaka nijue hilo. Sheria hawakuvunja.

Halafu, kwa sababu ni watu wa mpangilio, wakavipanga upya. Virefu na virefu, vifupi na vifupi.

Nikamwambia ahsante, mama. Ningesema nini? Mtu aliyepiga magoti muda wa saa mbili kwa ajili ya mtoto wa kaka yako, utamwambia nini? Akaniambia niache unyonge, nile kitu, nimekonda.

Nimeingia bafuni nikafunga mlango.

Ijumaa, 23 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi, futi ya kupimia, kompyuta kwenye waya mrefu mpaka uani. Napima kipande, namtafuta mwenzake kwenye kioo. Kioo kinafikiri. Nakunywa chai. Kioo kinaendelea kufikiri.

Saa nne. Vipande tisa nimevijua. Vimebaki mia na sabini na saba.

Saa sita. Nimeacha kupima, nimeanza kubahatisha. Mungu alimpa mtu macho kabla ya futi. Na mbao zililowa, sasa zimevimba, mifuo inabana. Nyundo.

Saa nane na nusu. Kitu kimesimama. Si kuba. Upande mmoja umenyanyuka kama bega la mtu aliyeulizwa swali gumu. Yvette amekuja, ametazama, amerudi ndani. Ningependa aseme tenga.

Saa tisa. Kimeanguka. Hakikuanguka kwa kishindo. Kilijilaza polepole, kipande baada ya kipande, kama mzee anayeketi. Nimekaa katikati yake.

Saa kumi Lazare amefika na hema. Amelivuta, amelisukuma, limefunguka kama mwavuli. Dakika kumi na moja. Nilihesabu, sikuwa na kazi nyingine. Kisha akaja akachuchumaa karibu yangu, suruali nzuri na yote. Nilingojea aniite Injinia.

Akaniambia tu, "Shemeji, twende tukanawe."

Hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili, 25 Novemba

Jana. Niiandike yote nimalize.

Wageni mia na arobaini. Hema la watu themanini likawameza. Lazare alisema kwa ajili yetu. Lazima niwe mkweli humu, hakuna anayesoma: alisema vizuri. Mzee Wilondja akadai wamekuja kutafuta ua waliloliona likichungulia kwenye uzio. Lazare akajibu kwamba kwetu maua ni mengi, na mengine yana miiba, waseme ni lipi. Watu wakapiga vigelegele. Wakavutana juu ya ng'ombe, ambao wote tunajua wako kwenye bahasha. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na masufuria, nimepewa kazi ya barafu.

Halafu Lazare akarudi nyuma hatua moja. Akasema neno la mwisho, la kumtoa mtoto, si lake. Akasema baba wa binti huyu ana mdogo wake, yuko hai, yuko hapa, na ni yeye atakayesema. Akaninyooshea mkono.

Hakuna aliyemlazimisha.

Nikasimama. Hema zima likanigeukia. Ineza alikuwa mbele, amevaa mushanana, vazi la sherehe la kwetu, ya rangi ya dhahabu, ananitazama kama alivyonitazama akiwa na miaka minne siku tulipomzika baba yake. Sentensi tatu nilikuwa nazo. Nikafungua kinywa.

Nikasema: hili hema mnaloliona halikuwa mpango.

Sijui ilitoka wapi. Nikaeleza kuba. Nikaeleza mbavu, mifuo, ukucha mmoja wa tofauti. Nikachukua sinia mbili kuonyesha jinsi ubao unavyoingia kwenye ubao. Nikaeleza kwamba lau chaki ingekuwa rangi ya mafuta, wangekuwa wamekaa mahali pengine kabisa. Mama Chibalonza alikuwa mstari wa pili. Alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, anataka kujua ni mjinga gani alifuta.

Dakika ya kumi na tano Mzee Wilondja akasimama kwa heshima, akaomba ufafanuzi: hizo mbavu ni sehemu ya mahari, na kama ndiyo, ni wao wanazileta au ni sisi tunazitoa? Upande wao ulianza kunong'onezana. Nikasema nafika huko. Dada yangu akaanzisha wimbo. Akina mama wakaupokea. Sinia zikachukuliwa mikononi mwangu, zikawekewa ndizi.

Lazare akamalizia. Sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina la kaka.

Nilisimama mbele ya watu mia na arobaini kwa dakika kumi na tisa, na jina la Ntakirutimana sikulitaja. Niligundua usiku, nikikunja viti. Ineza alinikumbatia alipoondoka. Alisema, "It's okay, uncle." Nilimuuliza nini kiko okay. Hakujibu kwa lugha yoyote.

Ijumaa, 30 Novemba

Sikwenda kazini. Yvette amerudisha meza. Kompyuta iko sakafuni, imefunikwa taulo kama maiti. Nimekula nikiwa nimekaa. Chakula hakina ladha.

Jumatatu, 3 Desemba

Nimefikiri sana. Nimejitazama bila huruma, kama mwanamume mzima, na nimelipata kosa.

Ni kwamba kuba ni umbo la chini. Kitu cha chini kinafikiwa na kila mwenye brashi. Ningejenga kwenda juu!

Mnara. Mnara wa kengele wa kanisa letu. Mita kumi na nne, plaiwudi tupu, vipande mia nne na kumi na viwili. Namba zitaandikwa kwa kalamu ya wino. Jana baada ya ibada nilimweleza mchungaji. Akanishika bega, akasema ataniombea. Nimechukua hiyo kuwa idhini. Leo asubuhi, Yvette alipokwenda kupanda treni, nimerudisha kompyuta mezani. Kufikia mchana ngazi ya ndani ilikuwa imekamilika. Nimemweka Lazare, yule wa kwenye kioo, juu kabisa, karibu na kengele, mikono mfukoni. Mahali pa heshima. Mimi si mtu wa kinyongo. Nikiuzindua mnara, nitaomba kusema machache, na safari hii kaka nitamtaja kwanza, kabla ya vipimo.

Limebaki jambo moja dogo la kuulizia, ni wapi hasa msingi utachimbwa.

Kanisa letu halina kiwanja. Tunakodi ukumbi wa skauti, Jumapili, saa nane hadi saa kumi.