Kalafati ya Gia Boksi

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Iringo, Musoma.

Nimebadilisha oili ya gia boksi mwenyewe! Bila fundi! Kwa mikono hii hii inayoandikaga barua za mkuu wa shule. Ofisini nimesema naumwa tumbo. Nimelala chini ya gari tangu saa tatu mpaka saa nane mchana. Nimefungua sampo, lile bakuli la bati chini ya gia boksi, nimemwaga haidroliki ya zamani, ndiyo oili yenyewe, nimeweka mpya, nimefunga. Gasketi niliirudisha ile ile. Ilionekana imechoka, nikaongezea silikoni tyubu nzima. Bolti nimezikaza mpaka spana ikalia. Fundi Felisiani alikuwa anapita, akasema zile bolti huwa hazikazwi hivyo. Nikamwambia njia ndiyo hiyo, aendelee na safari yake.

Sababu ya yote haya ni Ijumaa. Madaktari wa macho wanakuja Bunda siku moja tu, na jina la mama mkwe wangu limo kwenye orodha. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka miwili sasa haoni. Mwanetu Brian, bibi yake anamjua kwa kumpapasa uso. Lazima afike kabla ya saa mbili asubuhi, na atakayemtoa kwake Butiama ni mimi, Pastory Masatu. Siyo Chrispin! Chrispin ni mwanyumba wangu, kaoa Ursula, dada yake mke wangu Nyangi. Kila harusi gari ni lake, kila msiba gari ni lake. Anavyoiosha ile gari, utadhani ni mtoto mchanga. Ijumaa atakaa nyumbani ajikune.

Jumanne, 9 Septemba

Doa. Chini ya gari, ukubwa wa sahani. Jekundu. Nimesema jirani kamwaga maji ya kufulia kanga. Nyangi kachovya kidole, kanusa, kaniangalia kwa muda mrefu. Halafu kampigia mama yake simu.

Hapo ndipo roho yangu ilipochafuka. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori la pamba. Mama mkwe alimshikia spana miaka thelathini, na kule Butiama wanasemaga anajua gari kwa pua na masikio. Lakini kwa desturi ya kwao mimi na yeye hatutazamani usoni, hatushikani mikono, hatusemeshani. Basi nikasimama kando ya gari yangu kama mgeni, wanawake wawili wakaipima kwa simu.

Mama mkwe kauliza rangi. Nyekundu. Basi siyo oili ya injini, ni ya gia. Inadondoka gari ikiwa imezimwa au ikiunguruma? Zote mbili. Kaamuru Nyangi atandike boksi kavu la maharage chini, aone tone la kwanza linatokea wapi. Likatokea kwenye ukingo wa sampo, kona ya nyuma. Hukumu ikashuka kutoka Butiama: gasketi imejikunja kwa kukazwa kupita kiasi. Fungua yote, kwangua silikoni, weka gasketi mpya, kaza kwa kupishanisha kona, taratibu. Halafu pima oili injini ikiwa ya moto, uongeze iliyopungua. Mwenye gari aambiwe.

Mwenye gari nilikuwa nimesimama pale pale! Nikaambiwa upya, neno kwa neno. Nimeumia. Mtu nisiyeruhusiwa hata kumwamkia ananifundisha kazi, tena haoni!

Chrispin kapiga simu jioni. Kauliza kwa upole kama gari ni nzima. Nimesema ipo kwenye majaribio.

Jumatano, 10 Septemba

Gasketi mpya ipo duka moja tu hapa mjini, na muuzaji ni rafiki wa Chrispin. Nikinunua, kabla sijafika nyumbani Iringo nzima itajua. Bora nife.

Saa nne asubuhi akili ikanijia. Bukima, kijijini kwetu kando ya ziwa! Mimi ni mtoto wa mzee Bernado, fundi mitumbwi. Nimekua nikimwona baba akikalafati: pamba inasokotwa, inachovywa kwenye mafuta ya mawese, inagongomewa kwa patasi kwenye kila mwanya. Mtumbwi wake mmoja ulikaa ziwani miaka kumi na moja haujaingiza tone. Sasa sampo ni nini? Ni mtumbwi mdogo wa bati uliojaa oili!

Nimeingia chini ya gari. Nimesokota, nimechovya, nimegongomea ukingo wote. Juu yake nimepaka sabuni ya kipande. Alasiri nikatandika boksi. Kavu! Nimesubiri saa nzima. Kavu kabisa! Nimepiga goti pale pale kwenye vumbi, nimemshukuru Mungu na marehemu baba.

Nyangi alishamsimulia mama yake, na ujumbe wa Butiama ukafika kabla sijainuka. Mtumbwi unazibwa maji yasiingie, gia boksi inazibwa oili isitoke. Na mbao ikilowa inavimba, inabana pamba, chuma hakivimbi. Je, oili imepimwa? Nimemwambia Nyangi ajibu kwamba salamu zimefika. Kupima nimepima kwa macho.

Alhamisi, 11 Septemba

Chrispin kaja mwenyewe na ile gari yake inayong'aa. Kapendekeza yeye ambebe mama, mimi nifuate nyuma kama msindikizaji. Msindikizaji! Nimemshukuru, nimemnywesha soda, nimemfungulia geti.

Nyangi kalia. Kasema anamjua mama yake: hajawahi kuomba kitu kwa mtoto wake, ila hili la macho kaliomba. Kanisihi tumpe Chrispin, hata kwa safari hii tu. Nimemwambia heshima ya nyumba hii haipandi gari ya watu. Kaacha kulia, kaenda kupiga pasi nguo za Brian.

Boksi la leo lina tone moja. Tone moja ni jasho la gari.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika kwa shida.

Tulifika Butiama jua linachomoza. Mama mkwe alikuwa tayari mlangoni, kafunga kitambaa kipya, kuku mmoja kwapani wa kumpa daktari, kidumu cha mafuta ya alizeti miguuni. Akakaa nyuma na Nyangi na Brian. Mimi kwa adabu nikakigeuza kioo cha ndani kikaangalia juu, nisije nikakutana na uso wake. Adabu yangu hiyo ndiyo iliyoniponza, maana moshi wote ulikuwa nyuma nami siuoni!

Tumepita Kiabakari, injini ikaanza kulia kwa nguvu na gari inazidi kwenda polepole. Nyangi alikuwa kasinzia na mtoto. Nikasikia mama mkwe anamsemesha kuku. Kamwambia, wewe kuku, mwambie mwenye gari gia zinateleza, oili imekwisha, asimame kabla haijaungua. Nilisikia vizuri. Lakini desturi haijasema popote kwamba mtu analazimika kumjibu kuku. Nikakanyaga mafuta zaidi.

Gari ikasimama yenyewe. Nikashuka. Yesu na Maria! Mstari mwekundu barabarani nyuma yetu mpaka macho yanapoishia, na pamba ya Bukima inaning'inia chini kama ndevu za beberu. Saa moja na dakika tano. Nyangi akatoa simu ampigie Chrispin. Nikamnyang'anya, nikaomba dakika kumi tu. Nikachukua kile kidumu cha alizeti, nikamimina chote kwenye gia boksi. Gari ikaenda! Mita mia mbili. Halafu ikatoa harufu ya maandazi na kufa kabisa. Dakika kumi zangu zilikuwa zimefika arobaini.

Lori la vitunguu likatuokoa. Tukafika Bunda saa tatu na nusu. Nesi kasema jina la mama limeitwa mara tatu, na nafasi kapewa baba mmoja mzee wa Mugeta. Ameshaingia ndani. Madaktari watarudi lini? Labda Machi. Labda.

Mama mkwe ndiye aliyegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, kaniita jina langu mbele za watu. Kasema, Pastory mwanangu, nilitaka tu kumwona mtoto.

Sikuwa na pa kuweka macho yangu. Nikatazama viatu vya nesi. Nimelia chooni kwa wagonjwa wa nje, nimelia kweli.

Jumapili, 14 Septemba

Chrispin kaivuta gari yangu kwa kamba mpaka Iringo, saa ya watu kutoka misa. Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Felisiani kaja kuangalia, kasema niache kila kitu kama kilivyo, yeye atafungua kesho kwa utaratibu. Kesho! Mafundi bwana, wanapenda watu wawategemee.

Nyangi kaenda Butiama leo, na Brian na mabegi mawili. Kasema mama yake hawezi tena kupika peke yake, na mpaka Machi lazima awepo mtu wa kumshika mkono. Nimeona ana akili. Sebule imebaki yangu peke yangu. Nimesogeza makochi ukutani, nimetandika magazeti, nimeishusha sampo na kuilaza mezani. Nimeshagundua kosa lilipokuwa. Pamba ilikuwa kidogo! Na juu yake ilitakiwa lami, siyo sabuni. Machi nampeleka mama mkwe Bunda mwenyewe, na Chrispin ataona.

Nyangi kapiga simu saa kumi. Kauliza kama nimekula. Nyuma yake nilimsikia Brian anacheka, na bibi yake anamuuliza amevaa shati la rangi gani. Nimemwambia Nyangi asinikatize, nina kazi ya mama yake.