Nyumba Kongwe Kuliko Zote Aberwenlli

Kwa niaba ya Kamati ya Urithi ya kijiji cha Aberwenlli, na kwa furaha isiyo na kifani, natangaza kwamba historia yetu hatimaye imeokolewa. Mimi ndiye katibu.

Azimio lilikuwa wazi: nyumba kongwe kuliko zote hapa pwani itwaliwe na kamati, moto uzimwe, mwenyewe ahame, kisha wageni waingie kutazama jinsi watu walivyokuwa wakiishi. Nyumba nyingi tayari ziko tupu. Wenyewe wako mijini, huja Agosti tu. Hizo zimehifadhika vizuri sana. Kikwazo kilikuwa Bi. Eluned, mjane wa mvuvi, aliyeng'ang'ania kukaa kwake, katika nyumba tuliyoihesabu kuwa kongwe kuliko zote, na kuchemsha mwani wa kula.

Mwenyekiti wetu, Bwana Tegid Prydderch wa jumba la kilimani, alimwita kikaoni katika ukumbi wa kanisa.

"Umepata heshima kubwa, Bi. Eluned. Unahama Jumatatu."

"Nihamie wapi? Nimezaliwa mle, nimezaa mle, mume wangu katolewa mle kwenda kuzikwa."

"Historia hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka."

Nilimwonea huruma, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Kwetu anayebanwa hutaja mababu. Naye akaanza, taratibu: "Mimi ni Eluned binti Ifor bin Gruffydd bin Rhydderch, aliyejenga nyumba ile kwa mbao za meli iliyovunjika..."

Mwenyekiti hakuweza kuvumilia. "Rhydderch gani? Si yule kibarua wa babu zetu? Alipofika hapa, nyumba yetu ilishazeeka."

"We, acha kujitapa."

"Nijitape nini? Tegid bin Cadwgan bin Llywarch..." Alishuka vizazi saba bila kupumua, akagonga meza. "Pwani nzima hakuna nyumba kongwe kuliko yangu."

"Una hakika, baba?"

"Naapa mbele ya kamati."

Bi. Eluned akanigeukia. "Katibu, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Wajumbe wakanyoosha mikono wote kuunga mkono. Neno la mwenyekiti halijawahi kupingwa.

Alizinduka mikono ikiwa bado juu. "Jamani, yalikuwa mazungumzo tu."

Siku hizi Bwana Tegid analala chumba cha nyuma kwa Bi. Eluned, ambaye humwamsha mapema akaokote mwani ufukweni. Jumamosi mwenyekiti hupanda kilimani, akapanga foleni na wageni kuliangalia jumba lake. Juzi alijaribu kuketi kwenye kiti chake mwenyewe. Ilibidi nimtoe nje.